Asumini na Maji ya Udhu

Siku mjumbe wetu alipopita na kipaza sauti, mimi nilikuwa uani na mpira wa maji mkononi. Nilianza kumsikia yuko mbali, barabara ya kumi na tatu. Alisema bwawa limeshuka, vuli haikunyesha, na kuanzia siku ile maji ya bomba ni ya kunywa, kupika, kuoga na kufua tu. Kumwagilia bustani na maua marufuku. Kuosha gari kwa mpira marufuku. Kumwagia vumbi mbele ya duka marufuku. Atakayeonekana atakatiwa maji. Nikafunga bomba, ingawa nilikuwa nimefika mche wa tatu tu.

Bi Asmahani alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango wa jikoni.

"Umemaliza, Ima?"

"Bado, Bibi."

"Basi mbona umefunga?"

"Mjumbe amekataza."

"Msafiri? Huyu Msafiri niliyekuwa nikimfunga winda?" Akatikisa kichwa. "Haya. Sheria ni sheria. Ukunje huo mpira vizuri, usije ukapasuka."

Jina langu ni Imakulata, lakini hapa Ngamiani watu wamelikata, wananiita Ima. Wazazi wangu ni watu wa mashamba ya mkonge. Shule niliishia darasa la tano, mwaka mama alipojifungua mapacha na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumsaidia. Kwa Bi Asmahani nakaa mwaka wa nne sasa, kwa sababu miguu yake imechoka na mwanawe yuko Dar es Salaam. Kupika na kufagia nilikuja nakujua. Nilichojifunza kwake ni kutunga vikuba.

Uani kwake palikuwa na miasumini saba, minne upande wa jikoni na mitatu upande wa ukuta wa choo, na mrehani kwenye makopo. Asumini huchumwa jioni zikiwa bado zimefumba. Unazitunga kwa uzi, unaweka na majani ya mrehani katikati, unazifunga kishada kidogo kinachoweza kukaa kifuani au kwenye nywele. Usiku zinafumbuka zenyewe, na mwenye kikuba ananukia mpaka asubuhi. Wenye harusi walikuwa wakituma watu kwetu hata kutoka Chumbageni. Mimi si mtu wa maneno. Mahali penye watu wengi sauti hunikwama kooni, na mgeni akiniuliza kitu naangalia miguu yake. Lakini nikimpa mtu kikuba nilichotunga, hana haja ya kuniuliza kitu.

Jioni ile ya tangazo mwanawe Bi Asmahani, Kaka Tahiri, alipiga simu. Bibi hasikii vizuri, kwa hiyo simu huwekwa sauti kubwa na nyumba nzima inajua habari.

"Mama, nimesikia habari za maji huko. Mimi naona ndiyo nafasi yenyewe. Miche ikikauka tunaing'oa, tunamwaga zege ua mzima. Mwaka jana uliteleza kwenye tope lile nusura uvunjike nyonga."

"Sikuvunjika."

"Nusura."

"Na isipokauka?"

Kaka Tahiri si mtu mbaya. Anampenda mama yake, na anayempenda mzee huogopa tope.

"Nakuja mwisho wa mwezi na fundi," alisema. "Mche nitakaoukuta hai sitaugusa. Uliokufa unatoka, na mahali pake panapigwa zege. Sawa?"

"Sawa," alisema Bi Asmahani, akanitazama mimi.

Nilikwenda kuosha vyombo, lakini nilikuwa nahesabu. Zilibaki siku ishirini na sita. Bila miasumini ile mimi ningekuwa mtu wa kupika na kufagia tu, na wa kupika na kufagia wako wengi, tena wanaojua kuzungumza.

Tukaanza kubana maji. Maji ya kuoshea mchele niliweka. Maji ya kuoshea mchicha, maji ya kunawia mikono kabla ya kula, mabaki ya kwenye birika, yote yaliingia kwenye ndoo moja ya bluu. Yenye sabuni tu ndiyo niliyamwaga. Bi Asmahani aliniambia, "Na ya kuoshea samaki usimwage. Yana nguvu. Marehemu mama akiyapa mawaridi yake, yalikuwa makubwa kama ngumi." Basi siku za changu na siku za tasi miche ilipata maji ya samaki, na kweli ilivumilia. Majani yalilegea mchana, jioni yakainuka.

Siku ya kumi jamaa zake wa Pangani walimletea papa mkavu, kipande kikubwa kama ubao wa kufulia. Nikamlowesha usiku kwenye beseni. Asubuhi nilipomtoa, beseni lilibaki na maji karibu ndoo mbili. Tangu marufuku yaanze sikuwa nimeona maji mengi hivyo mahali pamoja.

Nilikwenda mlangoni kwa Bibi kumuuliza. Alikuwa na wageni, wanawake watatu wa mtaa wa pili, wanazungumza habari za mkwe wa mtu. Nilisimama nyuma ya pazia nikasikiliza kama watatulia. Hawakutulia. Ningeingia, wangenyamaza wote wanitazame, halafu ningeuliza mambo ya maji ya samaki. Nikarudi uani.

Najua papa ana chumvi. Ndiyo maana analoweshwa. Nimempika zaidi ya mara ishirini katika nyumba ile. Lakini asubuhi ile, kichwani mwangu, yale yalikuwa maji ya samaki, na maji ya samaki yalikuwa na ruhusa. Nikayagawa sawasawa kwa miche minne ya upande wa jikoni. Nilifurahi kuona udongo unavyoyanywa.

Siku ya tatu kingo za majani zilikuwa zimegeuka rangi, kahawia na kavu, kama karatasi iliyosogezwa karibu na mkaa. Siku ya nne yakaanza kudondoka. Miche mitatu ya upande wa choo haikuwa na neno. Nilichuchumaa, nikachukua udongo kidogo kwenye kidole nikaulamba. Ulikuwa chumvi tupu.

"Mbona majani yanaanguka upande huu?" Bi Asmahani aliuliza.

"Jua, Bibi."

"Jua," alisema.

Papa akizidi chumvi, unamtia kwenye maji matamu, unamwaga, unamtia tena. Mara tatu, mara nne, mpaka aweze kulika. Nilifikiri udongo nao hauwezi kuwa na dawa nyingine. Lakini udongo wa miche minne si kipande cha samaki. Ulitaka ndoo na ndoo, na mimi nilikuwa na bomba lililokatazwa na ndoo moja ya maji ya mchele.

Msikiti wetu uko nyumba nane kutoka kwetu, na una kisima chake. Ukutani kwa nje kuna bomba linalotoa maji ya mahali pa kutilia udhu, yanaingia kwenye mfereji wa barabarani. Nilikuwa nikipita pale kila siku kwenda dukani na sikuwahi kuyatazama. Siku ile nilipita adhuhuri. Wanaume walikuwa ndani wanatawadha, na maji yalikuwa yakitoka ukutani bila kukatika, meupe, yanakwenda mferejini, mbuzi wawili wanayanywa. Mara tano kwa siku, nikafikiri. Kila siku ya Mungu.

Siku ya kwanza nilipita tu. Siku ya pili nilikwenda na ndoo, nikasimama ng'ambo ya barabara mpaka sala ikaisha na maji yakakatika, nikarudi na ndoo tupu. Nilikuwa najiambia mambo mengi. Kwamba mimi ni mwanamke na pale ni mahali pa wanaume. Kwamba mimi ni Mkristo, na labda maji yale hayaguswi. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kufungua mdomo, na ningeogopa hata kama yangekuwa maji ya kanisani kwetu.

Siku ya tatu, mzee anayefagia msikiti, Mzee Sadalla, alitoka na ufagio wake akavuka barabara moja kwa moja mpaka nilipo.

"Wewe binti. Jana umesimama hapa na ndoo, leo umesimama hapa na ndoo. Ndani mna nini?"

"Hamna kitu. Shikamoo."

"Marahaba. Hamna kitu, na unaizungusha mjini kama bwana harusi." Alichungulia ndani ya ndoo kuhakikisha. "Unataka nini, mwanangu?"

"Maji."

"Kisimani wanawake wanachota asubuhi, mlango wa ule upande. Foleni yake ndefu, lakini hawajauana bado."

"Siyo ya kisima. Yale." Nikaonyesha bomba la ukutani.

"Yale? Yale watu wameoshea miguu."

"Ni ya maua."

"Maua ya nani?"

"Ya Bi Asmahani."

Mzee Sadalla aliegemea ufagio. "Asmahani wa vikuba? Mke wangu siku ya harusi alivaa kikuba cha nyumba ile. Nilikitia kwenye mfuko wa koti, kikakaa mpaka kikawa unga." Alikuna kidevu. "Sasa mimi ni mtu wa ufagio. Nisubiri nikamuulize imamu. Usikimbie."

Sijui alijuaje kwamba nilitaka kukimbia. Nilishika kishikio cha ndoo kwa mikono miwili. Alirudi anacheka mwenyewe.

"Imamu anasema maji ya udhu yakishatumika ni safi, ila hayafai kutilia udhu mwingine. Nikamwambia, imamu, maua hayendi kusali. Akasema basi achukue, kuliko kupotea mferejini wakati watu wana kiu. Jina lako nani?"

"Imakulata."

"Mm. Jina kubwa hivyo, ndoo ndogo hivyo. Kesho lete nyingine. Na Ijumaa lete zote mlizo nazo."

Aliweka beseni la bati chini ya bomba, na kuanzia siku ile nikawa na kazi. Nilikwenda adhuhuri, alasiri na magharibi, ndoo moja kichwani na moja mkononi. Nilimwagia mche mmoja polepole, nikasubiri udongo unywe, nikamwagia tena, mpaka maji yakatafuta njia ya kwenda chini, na chumvi nayo iende huko. Kisha mche wa pili. Miche mitatu ya upande wa choo nayo ilipata ndoo yake kila siku mbili. Shingo iliniuma. Watoto wa mtaani waliniita Muadhini, kwa sababu adhana ikianza tu mimi natoka mbio.

Bi Asmahani hakuniuliza kwa nini upande wa jikoni unapata maji mengi zaidi. Alisogeza kiti chake tu, asilowe miguu.

Mwisho wa mwezi Kaka Tahiri alifika, Jumamosi asubuhi, na Fundi Timotheo na mifuko ya saruji kwenye mkokoteni. Nilikuwa nimemwaga ndoo mbili za usiku wa jana, udongo wote bado mweusi. Hata kabla hawajanywa chai, hodi ikapigwa, akaingia mjumbe.

"Bi Asmahani, shikamoo. Nimekuja kwa ubaya kidogo," alisema Mjumbe Msafiri. "Nimeletewa habari kwamba ua huu unamwagiliwa. Nami nikasema siamini. Sasa nauona kwa macho."

Kaka Tahiri alitazama chini, akatazama bomba, akanitazama mimi.

"Ima, umetumia mpira?"

Nilitikisa kichwa.

"Basi haya maji yametoka wapi? Mvua imenyesha uani kwetu peke yake?" Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Unataka Mama akatiwe maji na umri huu? Kwa ajili ya maua?"

Fundi Timotheo aliweka koleo lake chini. Wanaume watatu walikuwa wananitazama, na Bi Asmahani kwenye kiti chake. Sauti ikakwama palepale pa siku zote. Nikaona kwamba nikinyamaza nitakuwa nimeiba maji, na miche itang'olewa na hakuna atakayeangalia kama iko hai. Nilitazama miguu ya Kaka Tahiri nikaanza kusema na miguu hiyo.

"Ni maji ya udhu. Ya msikitini. Nachota kwenye bomba la nje, Mzee Sadalla anajua, imamu anajua. Nimechukua siku kumi. Bomba letu sijaligusa tangu siku ya tangazo." Nikameza mate. Ningeweza kuishia hapo. "Nilihitaji mengi kwa sababu niliharibu. Nililowesha papa, maji yake nikayamwaga kwenye hii minne. Nilitaka kuuliza nikaona aibu. Chumvi ikaichoma. Bibi aliponiuliza nikamwambia ni jua. Halikuwa jua. Nilikuwa nasafisha udongo."

Fundi Timotheo akasema taratibu, "Maji ya papa," kama mtu anayeonja neno, akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

"Mama, ulijua haya?" aliuliza Kaka Tahiri.

"Papa ananuka, mwanangu," alisema Bi Asmahani. "Miguu ndiyo imechoka, pua bado. Siku ile ile wageni wangu walisema hapa pananuka kama forodhani kwa wavuvi. Mimi nilikuwa nasubiri mwenyewe aniambie." Akanigeukia. "Umechelewa, lakini umesema."

Mjumbe Msafiri alikuwa amesimama na daftari lake, hajaandika neno.

"Maji ya udhu ya msikiti wetu huu?"

"Ndiyo."

"Mimi nasali pale. Adhuhuri na magharibi sikosi." Alifikiri. "Kwa hiyo siku kumi hizi nimekuwa nikimwagilia maua ya nyumba hii."

"Ndiyo maana mengine yamekufa," alisema Bi Asmahani.

Mjumbe alicheka kwanza, ndipo tukacheka sote. Alisema marufuku ni ya maji ya bomba, hili yeye hana la kuliandika, ila atamuuliza Mzee Sadalla ili akiulizwa awe na jibu. Akafunga daftari akaenda zake.

Kaka Tahiri hakuwa amesahau alichokuja kufanya. Alimwomba fundi kisu. Alianza na miche ya upande wa choo, akakwangua gome kidogo kwenye kila shina, kwa uangalifu, kama anayepima homa. Chini ya gome palikuwa kijani. Hai. Hai. Hai. Akaja upande wa jikoni. Mche wa kwanza, karibu kabisa na mlango, ulikuwa mkavu mpaka ndani. Wa pili pia. Nilijua. Nilikuwa najua tangu wiki iliyopita na nikaendelea kuimwagia. Wa tatu ulikuwa kijani, na chini yake palikuwa na vichipukizi viwili vidogo ambavyo nilikuwa navitazama kila asubuhi kabla ya kusali. Wa nne ulikuwa kijani upande mmoja.

Alisimama mbele ya ule wa nne, kisu mkononi.

"Huu tunausemaje, fundi?"

"Mimi ni mtu wa saruji," alisema Timotheo. "Lakini mtu mwenye upande mmoja mzima hazikwi."

"Haya," alisema Kaka Tahiri. "Mitano inabaki. Miwili inatoka, na kutoka mlangoni mpaka hapa tunapiga zege, Mama apite pakavu. Ndivyo tulivyokubaliana."

"Ndivyo," alisema Bi Asmahani.

Niliing'oa ile miwili mwenyewe. Mmoja Bibi aliupanda mwaka aliozaliwa Kaka Tahiri, na mizizi yake ilikuwa imekwenda mpaka chini ya kizingiti cha jikoni. Bi Asmahani aliomba kipande cha shina akakiweka mapajani. Sikuweza kumtazama. Alinyoosha mkono akanipiga kidogo begani, mara mbili, kama mtu anavyopiga godoro, akasema nikamtilie chai fundi.

Timotheo alichimba, akasawazisha, akachanganya mchanga na saruji. Kisha akasimama, akatazama bomba.

"Zege linataka maji," alisema.

Tulitazamana. Adhana ya adhuhuri ilikuwa haijaanza, lakini haikuwa mbali.

"Msilitie hilo bomba mkono," alisema Bi Asmahani. "Mjumbe ametoka hapa asubuhi hii hii. Tahiri, chukua ndoo. Ima atakuonyesha."

Kaka Tahiri alikunja suruali na mikono ya shati. Nilimpa ile ndoo kubwa, mimi nikachukua mbili. Tulipotoka barabarani watoto walianza kuita Muadhini, Muadhini, halafu walipomwona yeye na ndoo wakanyamaza kwa mshangao. Tulipita nyumba tatu nne. Ana miaka mingi hajasali msikiti ule.

"Ima," alisema, kwa sauti ya chini. "Huyo Mzee Sadalla. Zamani alikuwa akitufukuza na ufagio. Sasa nikifika pale nimwambie nini?"

"Mpe shikamoo kwanza," nikamwambia. "Mengine nitasema mimi."